Siku Tuliyochoma Safina

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Homa Bay alichoma ndoo zake za plastiki zilizopasuka, nyuma ya jiko lake. Ni jirani mwema, huniletea mboga bila kuombwa. Moshi uliponifikia nilitoka nje nikamfokea mbele ya watoto wake, maneno ambayo naona haya kuyaandika, mpaka akarudi nyuma hatua mbili na kijiti chake cha kuchokorea moto mkononi.

"Dada, kwani nimechoma nini?"

Nilirudi ndani nikafunga madirisha. Jioni nilienda kumwomba msamaha, lakini hata msamaha wenyewe niliuandika kwanza kwenye karatasi, nikaufuta mara nne, kwa sababu ndivyo nilivyo. Siwezi kusema jambo kabla ya kulinyoosha. Hata hiki unachosoma nimekianza upya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Hakuna aliyenifundisha kuandika. Nimejifunza kwa kufuta.

Harufu ya plastiki inayoungua, kwangu, ni harufu ya kanisa. Watu wa rika langu wakikumbuka kanisa la utotoni hutaja mafuta ya nywele ya akina mama, au vumbi lililonyunyiziwa maji Jumapili asubuhi kabla ya ibada. Mimi pia ninayo hayo. Ila juu yake umekaa moshi mweusi, mzito, unaonata kooni, na kila nikiuvuta ninarudi kuwa mtoto wa miaka kumi mwenye gauni jeupe, na ninakasirika upya kana kwamba ni leo.

Tuliishi upande wa chini wa mto Kuja, kule Migori, mahali ambapo mto unachoka na kujitandaza kabla ya kufika ziwani. Baba alikuwa Masara kwenye machimbo ya dhahabu, akija nyumbani mara chache, macho mekundu kwa vumbi. Mama alikuwa mwimbishaji wa kwaya. Kanisa letu lilikuwa la udongo na mabati, karibu kabisa na mto, kwa kuwa wazee walitaka ubatizo usiwe mbali.

Ng'ambo ya bonde dogo kutoka kanisani, kwenye mwinuko uliozungukwa na matete, aliishi Min Awino. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na yeye alikuwa mama yake Awino, msichana wa darasa letu. Min Awino alipika chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Molasi ilimfikia kutoka Awendo, kwenye miwa, naye aliichachusha kwa siku kadhaa ndani ya mapipa manane ya plastiki ya buluu aliyoyaficha kwenye matete ili askari wasiyaone. Kila mtu aliyajua yalipo. Upepo ukigeuka wakati wa maombi, ule uchachu mtamu uliingia kanisani na kuketi nasi. Shuleni watoto walimwita Awino "Nusu Glasi". Tukipita kwao Jumapili tuliziba pua. Mimi niliziba kwa bidii kuliko wote, kwa mikono miwili, kwa sababu hata kuziba pua nilitaka nifanye vizuri.

Siku mto ulipokuja, kwetu haikuwa imenyesha hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha juu, milima ya Kisii, na sisi hatukuwa na habari. Ilikuwa Jumamosi mchana, mazoezi ya kwaya. Kwanza tulisikia ng'ombe. Kisha maji yakaingia kwa mlango, ya rangi ya chai, yakibeba kuku aliye hai juu ya rundo la majani, na watoto tukamcheka yule kuku. Tulipoacha kucheka yalikuwa magotini. Tulikuwa watu kumi na wanne. Tulitoka kwa dirisha la nyuma tukapanda kichuguu, kile kikubwa kilichokuwa nyuma ya kanisa, na tukiwa pale juu tukaona ukuta mmoja ukilainika na kuketi chini kama mtu aliyechoka, kisha mwingine, kisha mabati yakaondoka.

Nataka nimtendee haki Pasta wetu. Hakujua kuogelea, na pale ukingoni mwa kichuguu maji yalipofika kifuani mwake alinibeba mabegani, mimi na mtoto mwingine mdogo, kwa muda mrefu sana. Hakutuangusha. Namtaja kwa hilo kwanza kwa sababu yeye, ilipofika zamu yake ya kumtaja mtu, hakutaja.

Upande wa pili wa bonde, kwenye mwinuko wao, tulimwona Min Awino na Awino wakiviringisha mapipa. Alikuwa akiyafungua moja moja na kumwaga. Kangara yote, ile molasi iliyochachuka, kazi ya wiki nzima, ilishuka kwenye maji kama tope jeusi, na ile harufu ikatupanda pale kichuguuni. Aliyafunika mapipa kwa mifuniko yake, akayafunga pamoja kwa kamba za kufungia ng'ombe, akalaza juu yake mlango wa nyumba yake mwenyewe, akajitosa nayo akisukuma kwa mti mrefu.

Alipotufikia, Mzee Ondiek, mkuu wa wazee wa kanisa, alivuta miguu yake nyuma.

"Mimi sipandi hicho kitu."

"Kwa nini?" Min Awino aliuliza, akihema.

"Kinanuka pombe."

"Mzee, na wewe kesho utanuka samaki. Panda!"

Mama yangu akacheka, huko juu, maji yakiwa kiunoni. "Mzee Ondiek, basi wewe baki na kichuguu chako. Watoto watangulie."

Watoto tulitangulia. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu ndipo alipowachukua wazee, na Mzee Ondiek alikuwa amelala kifudifudi juu ya ule mlango, ameukumbatia kwa mikono miwili. Mama aliimbisha njia nzima, wimbo wa kuvuka, na wale waliokwisha kufika ng'ambo wakaitikia. Nilimwona Min Awino akisukuma huku midomo yake ikifuata maneno asiyoyajua.

Hakuna aliyekufa. Kumi na wanne tulivuka, kumi na wanne tukala ugali kwake jioni ile katika nyumba isiyo na mlango.

Kanisa lilijengwa upya juu, mbali na mto. Pasta alihubiri habari za Yoshua na mawe ya Yordani, jinsi watu walivyoamriwa kuyasimamisha ili watoto wao wakiuliza siku moja, wasimuliwe walivyovushwa. Wanaume wakaleta mawe kumi na manne kutoka mtoni, yakapakwa chokaa na kupangwa mbele ya mlango. Ikaamuliwa kila mwaka tufanye Siku ya Mawe, na mtoto mmoja awe anasimulia. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nilikuwa na kumbukumbu nzuri na sikuwa natikisa miguu nikisimama mbele za watu.

Askofu wetu alikuwa Mkuria na hakusikia Dholuo, lugha yetu, kwa hiyo simulizi lilikuwa la Kiswahili. Pasta aliliandika kwenye kurasa mbili za daftari. Nililikariri nikichota maji, nikipika, nikitembea kwenda shule. Nilijipiga kofi mkononi kila nilipokwama. Sehemu ya katikati ilisema kwamba tulipokuwa tumekata tamaa, Bwana alituletea safina juu ya maji, tukapanda, tukavuka salama. Basi. Safina ilikuja yenyewe, kama wingu.

Bombani, kwa Dholuo, akina mama walisema wazi: Min Awino alitutoa, jamani yule mwanamke ana nguvu, mkono wake kama wa mwanamume. Walicheka kila walipomkumbuka Mzee Ondiek na ule mlango. Lakini mgeni akija, na Kiswahili kikianza, jina lake lilitoweka. Mimi nilidhani ni adabu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mbele ya wageni mtoto hamtaji mtu mzima hovyo, nikaona kwamba Min Awino ameheshimiwa kiasi kwamba hata wazee hawathubutu kumtaja mbele ya askofu. Nilipomwona njiani nilimsalimu kwa kupiga goti. Niliacha kuziba pua. Nilikuwa na hakika kanisa zima lilikuwa limeacha.

Kisha Min Awino akaja kanisani. Alikuja Jumapili moja, amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka likang'aa, akasimama mwisho wa ibada kusema haja yake. Sijasahau maneno yake, yalikuwa machache.

"Siku ile majini mliimba. Mimi nataka kuimba na nyinyi."

Hilo tu. Hakuomba kitu kingine. Mama alianza kupiga makofi, akaona hakuna mwingine anayepiga, akaacha. Wazee wakamwita nje, wakakaa naye chini ya ukuta, na baada ya muda Mzee Ondiek akarudi kutangaza kwamba dada yetu amekubali kuacha kazi ya giza, na kwamba ataleta vyombo vyake vyote vya pombe, mapipa yote manane, vichomwe Siku ya Mawe mbele ya askofu. Watu wakapiga makofi sasa. Mimi nilihesabu kichwani. Manane. Ni yale yale. Nikamtazama Mama, naye alikuwa akitafuta kitu ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Siku chache baadaye Min Awino alinikuta bombani, peke yangu.

"Nyathina," aliniita. Ni neno letu la kumwita mtoto wako mwenyewe. "Nasikia ni wewe utasema."

"Ndiyo, Mama."

"Chang'aa nimeacha. Nimeacha kweli, hata Awino anajua. Nimewaambia wazee, haya mapipa niyaoshe niyatoe kwa kanisa, yakae hapo juu tayari. Wamekataa. Mimi nikisisitiza, wanasema ni mlevi anatetea pombe yake." Alishika mpini wa bomba akanipigia maji, ndoo yangu ikajaa. "Lakini wewe watakusikiliza. Sema tu kwamba ni haya yaliyotuvusha. Mara moja. Askofu ni mtu mzima, akijua atawazuia. Kwa sababu mto utarudi, nyathina. Ukirudi tutapanda nini?"

"Nitasema," nilimwambia.

Nilisema hivyo. Naandika ili pasiwe na mtu atakayedhani nilikuwa mtoto tu, sikuelewa. Nilielewa, na niliahidi.

Nilienda kwa Pasta jioni ile ile, kwa kuwa singeweza kubadilisha neno bila ruhusa. Alikuwa nje akipaka viatu rangi.

"Pasta, pale pa safina. Si tuongeze kwamba ni mapipa ya Min Awino?"

"Sema kama nilivyoandika."

"Lakini ndiyo hayo yatachomwa."

Aliweka kiatu chini. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Mtoto wangu, sisi wote tunajua. Mungu anajua. Askofu ndiye hajui, na hakuna haja ajue kwamba kanisa lake liliokolewa na pombe."

"Haikuwa pombe. Pombe aliimwaga."

Akacheka kidogo. "Una akili sana. Sasa itumie hiyo akili usikosee. Wageni watakuja kutoka mbali. Ukikosea pale mbele, utaharibu siku ya watu wote."

Hakujua alichonifanyia. Au alijua, alikuwa ameniona nikijipiga kofi. Tangu hapo sikulala vizuri. Niliona midomo yangu ikikwama, watu wakigeuka, gauni langu jeupe likiwa na doa. Nilimwuliza Mama tukimenya viazi kama nikiongeza neno moja itakuwa ni kukosea. Alimenya kiazi kizima kabla hajajibu.

"Usiniingize," alisema. "Nina kwaya ya kuongoza."

Siku ya Mawe ilifika, jua kali, turubai limefungwa, askofu ameketi kwenye kiti chenye kitambaa. Mapipa yalikuwa yamepangwa kando ya mawe, manane, yameoshwa vizuri sana. Min Awino alikuwa ameyaosha kwa mchanga na sabuni mpaka yakang'aa kama anga. Nani huosha kitu kinachokwenda kuchomwa? Alikuwa bado akitumaini. Alisimama nyuma ya kamba ya turubai, na Awino pembeni yake, na niliposimama mbele alinitikisia kichwa, kidogo tu.

Nilianza. Kuku juu ya majani, watu wakacheka. Kuta zikianguka, wakanyamaza. Pasta akitubeba mabegani, wakasema amina. Nikafika pale. Nilikuwa na neno tayari mdomoni, nalikumbuka lilivyokuwa zito ulimini, na nikaona kalamu ya Pasta ikifuata kurasa zake mstari kwa mstari, ikinisubiri. Nikasema: Bwana alituletea safina juu ya maji, tukapanda, tukavuka salama. Sauti yangu haikutetemeka. Nikamaliza kurasa zote mbili, nikapiga goti, watu wakashangilia, askofu akaniwekea mkono kichwani.

Mzee Ondiek ndiye aliyemwaga mafuta ya taa. Yule yule. Kiberiti kiliwaka mara ya kwanza. Mapipa hayakuwaka kama kuni. Yalijikunja kwanza, yakalegea, yakaanza kudondosha matone ya moto, na moshi ukaja mweusi, ukafunika mawe yetu meupe ya ukumbusho mpaka chokaa ikaingia masizi. Watu walikohoa huku wakiimba haleluya. Nasema watu. Nilikuwa miongoni mwao.

Sasa mimi ni mtu mzima, ninasoma Biblia yangu peke yangu, na ninaona jambo ambalo Pasta alikuwa akiliona kila siku kwa miwani yake. Waisraeli hawakuambiwa wakumbuke ili wapake mawe chokaa. Waliambiwa wakumbuke walivyokuwa watumwa na wageni, na kwa hiyo mgeni wasimwonee. Kwa hiyo. Ukikata hilo "kwa hiyo", kinachobaki ni majivuno na chokaa. Sisi tulimkumbuka Mungu kwa sauti kubwa, na alichotuokolea tukakitia moto ili tumkumbuke vizuri zaidi. Sikumkasirikia Mungu, hata siku moja. Naamini alitutoa majini. Ndiyo maana nina hasira: alifanya kazi safi, kwa mikono ya mwanamke aliyemwaga chakula cha mtoto wake mtoni bila kuuliza sisi ni dhehebu gani, na sisi tukaona aibu na mikono aliyoichagua.

Moto ulipotulia, wazee walimkaribisha Min Awino rasmi. Akaambiwa atakaa benchi la nyuma kabisa kwa miezi mitatu, afundishwe, na kwa miezi hiyo asiimbe na wengine mpaka athibitishwe. Alikubali kwa kichwa. Watu walipokuwa wakiingia ndani kwa ibada alipita karibu nami. Alisimama. Masizi yalikuwa yamemkaa chini ya macho. Nilijua atanigombeza, na nilikuwa nimeshaandaa kilio.

"Umesema vizuri," aliniambia, polepole. "Hukukosea hata mahali pamoja."

Kisha akaingia.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilichukua maneno yale kama zawadi. Nilikimbia mpaka kwa Mama, aliyekuwa akiipanga kwaya mbele, nikamwambia kwa furaha, watu wote wakisikia, "Hata Min Awino amesema sikukosea mahali popote!"

Mama alinitazama. Sura yake ilifanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona, kama ukuta wa udongo unapoanza kulainika. Aliweka kitabu chake cha nyimbo juu ya benchi la mbele, akatembea katikati ya kanisa, mbele ya askofu, mbele ya wageni wote, mpaka nyuma, akaketi kando ya Min Awino. Pasta alisubiri. Kwaya ikasubiri. Mama hakuinuka. Mwishowe mtu mwingine akaanzisha wimbo wa kuvuka, na kanisa zima likaitikia, isipokuwa wanawake wawili wa benchi la nyuma waliokaa bega kwa bega, midomo imefungwa.

Mimi nilibaki mbele, nikaimba kwa sauti yangu yote, beti zote nne, bila kukosea.